"Jikaze" Si Dawa

Mtu akishikwa na malaria, mtaa mzima wa Asiatique humshauri akapime. Akikosa usingizi wiki tatu, akaacha kula na kusema heri afe, mtaa huo huo humwambia: "Jikaze, kila mtu ana matatizo." Napinga ushauri huo. Unafanana na msaada, kumbe unamnyamazisha mgonjwa ili sisi tupumzike.

Wanaoutetea wana hoja. Wanasema Warundi tulivuka vita vilivyoanza mwaka 1993. Wanasema pia kwamba soko kuu, jirani yetu, lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara walijikaza wakaanza upya. Ni kweli, wengi walisimama tena. Lakini tunawahesabu waliosimama tu. Aliyeanguka tunasema alikuwa dhaifu, au amerogwa. Kuna methali ya Kirundi isemayo kwamba machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Je, tumbo likijaa? Wahenga wa Kiswahili wametujibu: mficha maradhi, kifo humfichua.

Wengine husema ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, umempa wazo. Si kweli. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba swali hilo halimsukumi mtu kujiua. Mara nyingi humpunguzia wasiwasi, akajiona ameeleweka. Basi tumuulize waziwazi, kwa upole, mbali na masikio ya watu. Tusikilize bila kuhubiri. Tuondoe dawa na sumu zilizo karibu naye, na tusimwache peke yake mpaka afike kwa daktari. Dua ya imamu na sala ya padri zina nafasi yake, lakini ziandamane na matibabu, zisiyazuie.

Na matibabu yapo. Kaskazini mwa mji, Kamenge, kuna kituo cha magonjwa ya akili kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité. Wanaopaita pahali pa wendawazimu ndio wanaomfanya mgonjwa aone haya kwenda, akabaki chumbani na giza lake.

Wanafunzi wenzangu, walimu wetu, darasani tunachambua methali za subira mwaka mzima. Ninadai jambo dogo: kila idara iwe na mwalimu mmoja na wanafunzi wawili waliofundishwa kusikiliza na kumsindikiza mtu kwenye matibabu, na majina yao yabandikwe mlangoni. Mwenzetu akizidiwa, ajue wa kumgongea.