Spea Inayolala: Kwa Nini Sipendi RAID 5 Kwenye Seva Ndogo

Wasomaji wangu, leo tuzungumze kuhusu diski. Najua si mada tamu kama simu mpya, lakini siku hizi hata huku kwetu Kanyangi, Kitui, kumbukumbu za watu ziko kwenye seva: alama za wanafunzi, akiba za wanachama, rekodi za wagonjwa. Diski zikifa vibaya, kuna mama atakayeambiwa akiba yake haionekani.

Hoja yangu naisema mapema. Kama una seva ndogo yenye nafasi za diski 4, usiweke RAID 5 ya diski 3 halafu ukaiacha ya nne ikae kama spea. Weka RAID 6. Mafundi wengi watakuambia kinyume, kwa hiyo acha nijieleze.

Kwanza, RAID ni nini? Mwaka wa 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipendekeza kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama diski moja kubwa. Kwenye RAID 5, data hutawanywa pamoja na hesabu ya ziada iitwayo pariti. Diski moja ikifa, mashine hukokotoa kilichokuwemo kutokana na zile zilizobaki. RAID 6 huweka pariti mbili, kwa hiyo huvumilia vifo viwili.

Spea nayo ni diski iliyochomekwa tayari ikisubiri. Fikiria matatu yenye tairi la spea linalojifunga lenyewe gari likiwa mwendoni. Nani hatalipenda?

Shida ni kwamba tairi hilo halifungwi kwa dakika moja. Diski ya terabaiti 8, ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua karibu saa 15 kujazwa, na hapo hakuna mtu mwingine anayeitumia seva. Muda huo wote RAID 5 haina kinga yoyote, na diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi zilinunuliwa siku moja, zimekula vumbi na joto lile lile, na umeme umekatika zote zikiwa kazini. Ya pili ikifa, kwaheri.

Sasa piga hesabu. RAID 5 ya diski 3 pamoja na spea inakupa nafasi ya diski 2. RAID 6 ya diski 4 inakupa nafasi ya diski 2 vile vile. Pesa ni ile ile! Tofauti ni kwamba ile ya nne haingoji msiba ndipo ianze kazi. RAID 6 huandika polepole zaidi, nakubali, lakini ofisi ya watu kumi haitahisi sana.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kwenye Linux, ukaguzi wa kawaida wa mdadm husoma diski zilizo kazini tu, si spea. Spea inaweza kuwa mbovu miaka miwili bila mtu kujua. Na usitegemee dalili za SMART peke yake: watafiti wa Google waliochunguza zaidi ya diski 100,000 walieleza mwaka wa 2007 kwamba zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hitilafu yoyote katika vipimo hivyo, joto likiwekwa kando. Kama tayari una spea, basi ipime kila mwezi kwa smartctl -t long.

Je, spea haina maana kabisa? Hapana. Kwenye kituo kikubwa chenye makabati ya diski, spea moja inaweza kuhudumia safu kadhaa, na hapo ina faida kubwa. Lakini sisi si kituo kikubwa. Tusiige mpangilio wa wenye diski mia wakati tunazo nne.

Huku kwetu spea ninayoitaka ni ile ya kabatini. Diski mpya ikilazimika kutoka Nairobi, siku zinapita. Nunua ya tano, ipime, iandike tarehe, uifungie. Halafu hakikisha kuna mtu anayepata habari. Taa nyekundu ndani ya chumba kilichofungwa haimwambii mtu kitu. Faili ya mdadm.conf ina mstari wa PROGRAM unaoendesha programu yako diski ikifa. Iandikie programu ya kutuma SMS kwa watu wawili, si mmoja.

Siku ya kubadilisha, linganisha namba ya diski na ile iliyo kwenye karatasi kabla ya kuvuta chochote. Kuchomoa diski nzima badala ya iliyokufa ni ajali rahisi kuliko unavyodhani. Na iliyokufa usiitupe hivi hivi: bado ina majina ya watu ndani, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Itoboe.

Mwisho, RAID si nakala rudufu. Ukifuta faili kimakosa, RAID 6 itaifuta kwa uaminifu kwenye diski zote nne. Nakala iwekwe nyumba nyingine.

Una nafasi nne tu na shilingi zile zile. Kwa nini moja ilale?