Kisima cha Kumwagilia Nyasi, Bi Harusi?

Huku kwetu Bomang'ombe, upande wa chini wa wilaya ya Hai, vumbi halina adabu. Mlima Kilimanjaro tunauona, lakini kiangazi kikikolea nyasi uani ni za kahawia. Kwa hiyo nawaelewa mabibi harusi wanaokuja kupima shela na kuniambia wanachimba kisima kifupi wenyewe nyumbani, ili siku ya nikaha pawe kijani. Nawaelewa, ila siwaungi mkono haraka hivyo.

Hesabu kwanza, maana hata kitambaa hakikatwi bila futi. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wa mita 10 kwa 10, ukiupa milimita 5, umekunywa lita 500. Ndoo 25 za lita 20, kwa siku moja! Na jirani anasubiri bomba litoe. Dini yetu imekataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha kwenye mto unaotiririka, sembuse ukoka, ambao masika yakija unaamka wenyewe.

Kisima chenyewe sikipingi. Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma kule Madina akakitoa wakfu, watu wachote. Mimi ningeanza na mboga, migomba na jirani, nyasi zikapata kinachobaki.

Sasa zile video za kusukuma bomba la plastiki ardhini kwa maji ya presha, saa chache kazi imeisha. Ile ni ardhi ya mchanga, mwenzangu. Kwetu ni udongo wa volkano, ukikutana na jiwe bomba linagoma. Ninyi wa visiwani mnaweza kuupata mchanga, lakini karibu na pwani ukivuta maji kupita kiasi, chumvi inapanda. Halafu pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 au 8 hivi, hata uinunue ya bei gani. Waulize majirani visima vyao vina kina gani, chimba mwisho wa kiangazi maji yakiwa chini kabisa, kaa mbali na shimo la choo, na kabla ya jembe la kwanza pita Moshi, ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, uulize kuhusu kibali.

Jingine la huku kwetu ni floridi. Ipo kwenye maji ya ardhini ya sehemu nyingi za Hai, na ndiyo inayowaachia watoto meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kumwagilia sawa, lakini kabla ya kumnywesha mtoto yapelekwe yakapimwe. Kuchemsha hakuiondoi.

Kinachonikera hasa ni shimo lililoachwa wazi na kuwekewa ubao juu. Siku ya harusi uani wanajaa watoto wa wageni, nani anawaangalia? Na injini ya petroli isishushwe kisimani kamwe, moshi wake unamuua aliye ndani, na anayeshuka kumwokoa naye anabaki huko. Mfuniko wa zege wenye kufuli uwe tayari kabla pampu haijanunuliwa, na kabla kadi za mwaliko hazijatoka.