Juu ya ile ndege ya kichwa cha manjano



Kwenye ubao wa matangazo watu wa kalasi ya tano wameandika ya kwamba ndege ya kichwa cha manjano, ile yenye kutikisa mkia nyuma ya ng'ombe kwenye uwanja wa mpira, imetoka Uingereza. Walifungua kitabu cha ndege za Ulaya, wakaona picha yenye kufanana, basi, mambo imekwisha. Sisi tunakataa.

Ndege hii ni Motacilla flava, hakuna mwenye kubishia jina hilo. Lakini iko na makabila mengi, na madume yanatofautiana kwa kichwa: flava cha bluu-kijivu, thunbergi cha kijivu kizito, feldegg cheusi kabisa. Flavissima ya Uingereza iko na kichwa cha manjano, na vilevile lutea, yenye kuzaliwa upande wa mto Volga na Kazakhstan. Sasa, flavissima inakimbia baridi kwa kwenda Afrika ya Magharibi, upande wa Senegali. Lutea ndiyo inashuka huku mashariki. Mwenye kutaka kuandika flavissima hapa anapashwa kuonyesha kitu kingine kuliko rangi, kwa mfano pete ya namba mguuni, iliyovalishwa kule Uingereza. Mnajua kama kile kitabu hakikuandikwa juu ya uwanja wetu! Na majike, tuseme kweli, tuyaachie majina mawili tu.

Kuna wengine wanasema: tuipige na lastiki, tuishike mkononi, ndipo tutajua. Hapana! Ndege iliyovuka Sahara ikufe juu ya ubishi wa wanafunzi? Katika miaka ya 1950 Kai Curry-Lindahl, mtu wa Uswedi, alizichunguza hapa Kivu. Aliona makabila yanakula pamoja, lakini hayarudi pamoja: feldegg ya Balkani inaondoka mbele, thunbergi, ambayo kwao kaskazini bado kuna theluji, inangoja. Yeye alizipasua kusudi atazame ndani. Kazi hiyo imekwisha kufanywa, haina haja ya mawe yetu. Kwetu inabaki kuandika tarehe, na ndege iliyokufa haina tarehe ya kuondoka.

Tunaomba tangazo lile lifutwe, na mahali pake iandikwe: Motacilla flava, dume, kichwa cha manjano, na siku ilipoonekana. Kama mwisho wa mwezi wa nne ingali pale, mtuambie.