Klabu ya Ndege si ya Wenye Mali Peke Yao

Bwana Mhariri,

Katika toleo lililopita ulipiga chapa habari fupi, mistari kumi na minne tu, ya safari yetu ya Kajjansi kuitazama klabu ya ndege ndogo. Habari zenyewe hazikuwa kubwa: mwanachama mmoja ameruka peke yake kwa mara ya kwanza, mfuko wa upepo ulipasuka ukashonwa, na mashindano ya kutua juu ya mstari yaliahirishwa kwa sababu ya mvua. Tangu siku hiyo nimesikia bwenini, na hata kwa baadhi ya wakubwa wetu waliomaliza zamani, manung'uniko ya namna hii: gazeti la shule ya misioni lina haja gani na michezo ya matajiri? Mmoja alisema mbele yangu kwamba mtoto wa mkulima kusoma habari za klabu ya ndege ni sawa na mwenye njaa kusomewa orodha ya vyakula vya hoteli.

Tulicheka sote, maana alisema vizuri. Walakini mimi sikubaliani naye, na naomba nafasi nieleze sababu.

Kwanza nikiri lililo kweli. Klabu za ndege katika nchi zetu hazikuanzishwa kwa ajili yetu. Ile ya Nairobi, Aero Club of East Africa, ilianza mwaka 1927, nayo ilikuwa ya walowezi. Enzi hizo Mwafrika alifika pale kusukuma ndege itoke bandani au kupeleka chai mezani. Kukaa kwenye kiti cha rubani halikuwa neno la kuzungumzwa. Wala leo si rahisi. Ndege ndogo ya Cessna yenye viti vinne hunywa petroli lita thelathini na zaidi kwa saa moja, na petroli yenyewe si ile ya pikipiki. Anayesema kuruka ni ghali hakusema uwongo. Lakini mimi siwaambii wenzangu waruke. Nasema waende wakaulize, na kuuliza ni bure.

Nitatoa habari ya nyumbani kwetu, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Sisi ni watu wa Teso. Tangu utoto nimeona ndege za chuo cha Soroti zikizunguka juu ya mashamba yetu ya wimbi. Chuo kile kiliwekwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ili kiwafundishe vijana wa nchi zote tatu, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kikabaki mikononi mwa Uganda. Basi mtoto wa Teso hana haja ya kuambiwa kwamba mtu mweusi anaweza kurusha ndege. Amewaona kwa macho yake. Tusilolijua ni mlango uko wapi, na anayeingia hukanyaga nini kwanza.

Mtoto wa mjomba wangu alitaka urubani kuliko kitu chochote. Alikuwa hodari wa hesabu na fizikia, kunipita mimi mbali sana. Alipomaliza masomo akatokea mtu mjini, mwenye ofisi na makaratasi yenye picha za ndege, akasema atampatia nafasi katika chuo cha ng'ambo. Mjomba akauza ng'ombe sita na kipande cha shamba cha kando ya mto. Fedha zikapokelewa, risiti ikaandikwa. Mambo ya daktari, yule bwana alisema, yatafuata baadaye. Yalipofuata, daktari akafungua kitabu cha madoadoa ya rangi, akamwuliza kijana aona tarakimu gani. Hakuona tarakimu. Akafungua ukurasa mwingine, vilevile. Kijana yule alikuwa amezaliwa hatofautishi nyekundu na kijani, naye kwa miaka ishirini hakujua. Nyumbani tulidhani ni mzembe tu wa kuchagua nyanya zilizoiva. Cheti cha rubani wa kazi akakinyimwa. Fedha hazikurudi hata shilingi. Risiti iko mpaka leo, mjomba ameiweka ndani ya Biblia.

Sasa nirudi Kajjansi. Tulifika mapema, saa kumi na mbili na nusu, jua likichomoza. Nilidhani wamewahi kwa bidii tu, kumbe ni elimu. Kiwanja kile kiko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Jua likipanda inazidi kuwa nyepesi, mabawa hupata kidogo cha kushika na injini hukosa pumzi. Ndege iliyoruka vizuri asubuhi yaweza kuhitaji njia ndefu zaidi mchana ikiwa na mzigo uleule. Mwalimu alituambia kwamba pale Wilson, Nairobi, karibu mita 1,700, jambo hili ni kali zaidi. Tulikuwa tumesoma habari za msongamano wa hewa darasani tukafanyia mtihani. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba mtu aweza kufa kwa kuisahau hesabu hiyo.

Kabla ya kuwasha injini mwanafunzi wa klabu, dada mmoja anayefanya kazi benki siku za juma, alizunguka ndege yote akiigusa kwa mkono. Akachukua chombo kidogo kama glasi, akatoa petroli chini ya bawa, akaiinua kwenye mwanga. Nikauliza atazama nini. Akasema atafuta maji, maana usiku unyevu huingia ndani ya tangi, na maji ni mazito, hukaa chini. Tena atazama rangi: petroli ya ndege hizi ndogo hutiwa rangi ya samawati ili isichanganywe na mafuta ya ndege kubwa, ambayo hayana rangi ile na hunuka kama mafuta ya taa ya nyumbani. Mtu akikosea akaijaza ndege ya petroli kwa mafuta yale, injini yaweza kuzima angani.

Hapo nikamkumbuka ndugu yangu, nikauliza habari za macho. Yule dada hakufikiri hata kidogo. Alisema: "Hilo ndilo la kwanza. Mimi nilipimwa macho kabla sijanunua hata daftari." Akanionyesha taa za ncha za mabawa, nyekundu kushoto na kijani kulia, ambazo kwazo rubani usiku hujua kama ndege nyingine yamjia au yamkimbia. Akaeleza kwamba redio ikiharibika, mwongozaji wa ndege mnarani humulika taa nyekundu au ya kijani kumwambia rubani asitue au atue. Mazungumzo hayo yalichukua dakika tano. Dakika tano hizo, kama mjomba angalizipata kabla ya kuuza, ng'ombe sita wangekuwa zizini.

Hiyo ndiyo sababu yangu, Bwana Mhariri. Chuo humfundisha aliyekwisha kulipa, na dalali humpokea mwenye fedha mkononi. Lakini klabu ndogo, watu wake wakiwa wameketi kwenye benchi wakingoja mvua ipite, humjibu yeyote aliyekuja kuuliza. Wanazungumza makosa yao waziwazi, huyu akisema jinsi alivyotua vibaya juzi, yule akimcheka na kumwonyesha kosa liko wapi. Mimi sijapata kuona watu wazima wakikiri makosa kwa furaha namna ile, isipokuwa mapadri wawili wa shule hii wakicheza karata.

Kuna na hesabu nyingine ambayo dalali hakumwambia mjomba. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani wa binafsi yataka umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Leseni ya rubani wa kazi yataka miaka 18 na saa 200, ingawa katika chuo kilichoidhinishwa saa hizo zaweza kupunguzwa. Lakini leseni ya kuwa nahodha katika shirika kubwa yataka miaka 21 na saa 1,500. Tazameni pengo lililoko kati ya 200 na 1,500! Huyu mwenye 200 amekwisha tumia mali yote ya ukoo, naye bado ni mtu wa kuomba kazi kiwanja kwa kiwanja. Sisemi asianze. Nasema ukoo uketi chini ya mti ukizijua tarakimu hizo tatu, ndipo uamue habari ya ng'ombe.

Wengine watasema mwenye kipaji hupita tu. Wanamtaja Irene Koki Mutungi wa Kenya, ambaye mwaka 2014 alikuwa nahodha wa ndege kubwa ya Boeing 787, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika. Ni kweli, na heshima ni yake. Naye alianza pale pale Wilson, katika ndege ndogo. Lakini baba yake alikuwa rubani. Yaani yale maswali ambayo mtoto wa mjomba hakujua kuyauliza, yeye angeweza kuyasikia nyumbani, chakula kikipakuliwa. Sisi tusio na baba wa namna hiyo tutayasikia wapi? Mimi sijaona mahali pengine ila kwenye lile benchi.

Na wale wasemao kwamba ndege haipasi gazeti la misioni, nawakumbusha jambo walilolisahau. Januari ya mwaka 1948 Waingereza wawili waliotoka vitani, Jack Hemmings na Stuart King, waliondoka Croydon katika ndege ndogo ya Miles Gemini kuja kutazama kama ndege zingeweza kuwafaa wamisionari wa Afrika. Walizunguka nchi nyingi, hata mwaka uleule wakaanguka katika milima ya Burundi. Ndege ikaharibika kabisa. Wao wakatoka wazima. Shirika lao, MAF, halikufa kwa ajali ile, na ndege zake zina kituo papo hapo Kajjansi. Tuliziona zikipakia makasha, wakati wanachama wa klabu wanashindana nani atatua karibu zaidi na mstari. Mchezo huo wa kutua juu ya mstari ndio kazi ya siku zote ya rubani anayepeleka dawa kwenye kiwanja kifupi chenye mbuzi.

Tena Flying Doctors walioanza mwaka 1957 walitokana na madaktari wa upasuaji, mmoja wao Michael Wood, aliyekuwa daktari na rubani pia. Dakt. Anne Spoerry alikuwa amepita miaka arobaini alipojifunza kurusha ndege, akaenda kwa wagonjwa wa Kenya kwa njia hiyo karibu mpaka kufa kwake mwaka 1999. Daktari yule hakuacha udaktari ili awe rubani. Basi hata mwenzangu anayetaka udaktari asiione habari ya klabu kuwa si yake.

Ninayoyaomba ni machache. Habari za klabu ziendelee kupigwa chapa, hata zikiwa za mfuko wa upepo. Wakubwa wetu waliomaliza, ambao kila mwaka hutununulia mipira, wafikirie nauli ya wanafunzi wanane kwenda Kajjansi mara moja kwa muhula. Nauli ya basi tu, wala siombi saa za kuruka. Na wenzangu wa mwaka wa tano na wa sita wanaotaka urubani wapimwe macho, pamoja na rangi, katika hospitali ya misioni kabla ya kuandika barua kwa mtu yeyote. Bruda wa zahanati amekubali kutuandikia kwa daktari. Nilipomwambia sababu alikaa kimya kidogo, kisha akasema kumbe nasi tulikuwa tunapima minyoo tu.

Yule bwana wa orodha ya hoteli ni rafiki yangu, nami nimemwandikisha kwa safari ijayo, ya Jumamosi ya tatu ya muhula. Nafasi moja ilibaki. Nimempelekea habari mtoto wa mjomba, ambaye siku hizi hutengeneza mashine za kusaga mahindi na kusikia ugonjwa wa injini kwa sikio tu. Amejibu kwamba atakuja, na ameuliza kama watu wa klabu watamruhusu kuitazama injini ikiwa imefunguliwa. Nimewaandikia kuwauliza.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita