Kayamba Lililotulizwa: Tahadhari kwa Wakusanyaji wa Fasihi Simulizi

Kwa yeyote aliyewahi kwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi, tatizo la mkono unaotetema si geni. Mtafiti husimama katikati ya umati, rununu mkononi, akisukumwa na watoto, na arejeapo chuoni hukuta picha zinazorukaruka hadi kichwa kikamwuma. Siku hizi zipo programu za tarakilishi za kuituliza video ya aina hii, na baadhi yazo, kama vid.stab ya Georg Martius, hazilipiwi hata senti. Nakiri kwamba nilizipokea kwa shangwe. Hata hivyo, rai yangu ni kwamba zisiruhusiwe kuigusa data yetu pasi na masharti.

Yafaa kwanza tuelewe zinavyofanya kazi. Video ni mfululizo wa picha mgando, aghalabu 25 au 30 kwa sekunde. Programu huteua sehemu ndogondogo zilizo bayana katika picha moja, huzitafuta katika picha inayofuata, na kutokana na jinsi zilivyohama hukadiria kamera ilivyosogea. Kisha huulainisha mwendo huo (vid.stab huzingatia picha kadhaa zilizotangulia na kadhaa zinazofuata) na kuisogeza kila picha ili kufidia mtikisiko. Picha ikisogezwa, ukingo mmoja hubaki wazi. Ili kuuficha uwazi huo, picha hukuzwa na kingo zake kukatwa.

Tatizo ni kuwa programu haijui kamera wala ngoma. Inachojua ni kwamba vitu vimehama. Mnamo 2023 nilirekodi kikundi cha kina mama wa Kilifi wakicheza kayamba, nami nikawasogelea mno hata wakaijaza picha nzima. Kayamba, kama tujuavyo, hutikiswa huku na huku, mbegu zikikimbia ndani ya matete. Programu ilidhani mtikiso ule ni wa mkono wangu! Ikayatuliza makayamba, na ukuta wa nyuma ukaanza kucheza. Niliporudi kuwaonyesha, mama mmoja alitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, kumbe sisi tulikaa tu, nyumba ndiyo iliyocheza?" Watu wote waliangua kicheko isipokuwa mimi. Sura nzima ya tasnifu yangu, iliyohusu miondoko, iliegemea nakala hiyo, na video asilia nilikuwa nimeifuta ili nipate nafasi katika rununu. Sura hiyo niliiondoa.

Suala la kingo ni zito zaidi, kwa sababu hasara yake haionekani. Tangu Ruth Finnegan alipochapisha Oral Literature in Africa mwaka 1970, wanafunzi wa taaluma hii wamekumbushwa mara kwa mara kwamba utungo simulizi haukamiliki bila utendaji na hadhira. Je, hadhira hukaa wapi katika video zetu? Pembezoni. Huko ndiko alikosimama bibi anayeitikia kiitikio, na kijana anayemtuza fanani. Tunapozikata kingo, tunabaki na kigelegele tunachokisikia pasi na kumwona aliyekipiga, kisha tunaketi kuandika kwamba hadhira haikushiriki.

Wapo watakaosema kuwa video inayotikisika humchosha mtahini. Sikatai. Lakini hata programu bora haiondoi ukungu ulioingia katika picha wakati mkono ulipotikisika. Sura za watu hutulia mahali pamoja huku zikififia na kurejea, jambo ambalo kwangu huchosha zaidi.

Kwa hivyo, idara zetu za Kiswahili zidai nakala mbili kwa kila tasnifu ya nyanjani: ya asilia isiyoguswa, na iliyotulizwa, ikiambatana na jina la programu na vipimo vilivyotumika. Vid.stab yenyewe yaweza kuelekezwa isiikuze picha, ikaacha pambizo nyeusi panapokosekana kitu. Pambizo hizo hazipendezi, lakini zinamwonyesha msomaji palipoguswa.

Mimi nitarejea Kilifi mwezi Desemba na stendi ya miguu mitatu. Yule mama amekubali wacheze upya, ila ameuliza kama safari hii nyumba nayo italipwa.