Mafunzo ya walimu wa sayansi yafike Bwera
Tangu mwaka 2005, mpango wa SESEMAT, ulioanzishwa kwa msaada wa Japani, umekuwa ukiwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari nchini Uganda. Mwaka 2022 serikali ikawapandishia mishahara walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Hilo tunalipongeza. Lakini mshahara pekee haumfundishi mtu kuendesha jaribio pasipo na maabara. Mafunzo hayo yaletwe wilayani Kasese, hadi mji wa Bwera, yatumie vilivyopo: chumvi ya Katwe, wanafunzi waiyeyushe, waichuje, waivukize hadi chembe zibaki sufuriani; shaba ya Kilembe; na mwendokasi wa mto Nyamwamba kwa hesabu. Na nauli ya mwalimu ya kwenda mafunzoni isitoke mfukoni mwake.