Kutoka Mlabani hadi Stockholm
Mtu wa Mlabani, kwetu Ifakara, akifika Stockholm hashangazwi na maji. Sisi tumelelewa na mto unaofurika. Kinachomvuruga ni jua la Juni: saa nne usiku anga bado jeupe, hujui ule cha jioni au ungoje. Mji umekaa juu ya visiwa 14, ziwa Mälaren linapokutana na Bahari ya Baltiki, na watu hupanda kivuko kama sisi tunavyopanda bajaji. Nilikumbuka foleni za kivuko chetu cha Kilombero, kabla ya Daraja la Magufuli. Huko Stockholm noti basini hawapokei, kadi tu. Nilimweleza mzee mmoja kwamba fedha za Sweden zilisaidia kujenga bwawa letu la Kidatu. Alitikisa kichwa kwa adabu, akarudi kwenye gazeti lake.